Baiskeli ya kazi ruksa, baiskeli ya furaha marufuku?

SEHEMU YA 1: Swali langu kwa akina mama wa Ifakara

Leo siongelei chanjo wala uji wa lishe. Leo ni baiskeli, na nimeigawa sehemu sita maana ina mambo mengi.

Ifakara ni mji wa baiskeli, hilo halihitaji shahidi. Bonde letu la Kilombero ni tambarare, mashamba yako mbali, na baiskeli imetubeba miaka na miaka. Simama Kibaoni asubuhi: mama na ndoo ya samaki kwenye keria, mzee na gunia la mpunga, mwanafunzi na begi lake, binti na madumu mawili ya maji. Kuna miji mingi Tanzania ambako mwanamke juu ya baiskeli anageuziwa shingo. Kwetu hapana. Bibi zetu waliendesha, mama zetu wanaendesha, na hakuna anayeshangaa.

Ila kuna kitu. Msichana wa miaka 13 akipanda baiskeli kwenda mashineni kukoboa mpunga, hakuna anayemuuliza. Akipanda baiskeli hiyo hiyo Jumamosi asubuhi, yeye na wenzake watatu, waende wakazunguke kwenye njia za msituni, waruke mizizi, washuke vilima, wacheke, warudi na vumbi mpaka kwenye nyusi, hapo nyumba nzima inasimama. "Unaenda kufanya nini huko porini?" "Mtoto wa kike na msitu wapi na wapi?" Wakati huo kaka yake mwenye miaka 12 ameshaondoka na kundi lake tangu saa 12 na nusu, na hakuna aliyemuuliza hata amekunywa chai.

Yaani baiskeli ya kazi ruksa, baiskeli ya furaha marufuku. Na marufuku yenyewe ni ya jinsia moja.

Msimamo wangu nausema mapema ili usiusubiri mpaka mwisho: waacheni mabinti waende. Waende kwa kundi, mchana, na baiskeli iliyokaguliwa, na kichwa kilichofunikwa. Hatari zipo, na kazi yangu inanionyesha. Lakini hatari tunazoziogopa sana siyo zile zinazoleta watoto kwenye chumba cha vidonda. Nataka tuhamishe hofu yetu tuiweke panapostahili.

SEHEMU YA 2: Wanapata nini huko msituni?

Kwanza tuelewane ninaongelea njia gani. Siongelei barabara kuu ya kwenda Mikumi yenye malori ya miwa na mabasi. Naongelea zile njia nyembamba za miguu kwenye miombo, njia zinazopita kando ya mashamba ya mitiki, na zile za chini ya milima ukitoka Kiberege kwenda Kisawasawa mpaka Mang'ula. Kiangazi, kuanzia Juni hivi mpaka Oktoba, zinakauka na kuwa ngumu kama sakafu. Siku hizi vijana wana baiskeli za gia zenye matairi ya meno, lakini wengine wanaenda na Phoenix ya baba na wanafika vilevile.

Kiafya, Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 achangamshe mwili walau dakika 60 kila siku. Utafiti uliotoka 2019, uliokusanya takwimu za nchi nyingi, ulionyesha kwamba vijana wa miaka 11 hadi 17 wasiofikia kiwango hicho ni asilimia 78 kwa wavulana na asilimia 85 kwa wasichana. Wasichana wako nyuma.

Najua utaniambia, "Nesi, binti yangu anachota maji, anapalilia, anapepeta, atakosaje mazoezi?" Ni kweli kabisa. Mabinti wetu jasho wanalo. Msimu wa kilimo familia inahamia shamba, na mtoto wa kike anapika, analea mdogo wake, na zamu ya kwenye dungu ya kufukuza ndege ni yake pia. Anachokosa ni mchezo. Kuna tofauti kubwa kati ya mwili unaotumwa na mwili unaojituma wenyewe kwa raha. Huyu wa pili anajifunza vitu ambavyo dumu la maji halifundishi.

Njia ya msituni inataka uamue haraka. Mzizi huu nauruka au naukwepa? Mteremko huu nashuka au nashuka na kusukuma? Mchanga huu unanimeza? Anayeendesha anajifunza kupima hatari kwa macho yake mwenyewe, na kusema "hapa siwezi" bila aibu. Mama, ukifikiri vizuri, huo uwezo wa kusema "hapa siwezi, nashuka" ndio tunaoutaka binti awe nao kwenye mambo mengine yote ya ujana.

Zambia waliwahi kufanya utafiti kwa wasichana wa vijijini waliopewa baiskeli za kwendea shule. Utoro ulipungua kwa asilimia 28, na muda wa njiani ukapungua kwa karibu theluthi. Lakini kilichonivutia ni kingine: wasichana wale walionyesha kujiona wana usemi zaidi juu ya maisha yao wenyewe. Hiyo ni baiskeli ya shule tu. Sasa ongeza marafiki na kicheko.

Na marafiki ni nusu ya dawa. Mtoto wa miaka 13 au 14 ana mengi kichwani ambayo hatakuambia ukimkalisha kwenye kigoda na kumuuliza "una shida gani?" Atayasema akiwa amepumzika chini ya mti na wenzake, wakiziba pancha.

SEHEMU YA 3: Hofu ambazo naomba tuziache

Ya kwanza, ile inayosemwa kwa kunong'ona: "Baiskeli itamtoa usichana." Nimeulizwa swali hili kliniki, mlangoni, hata sokoni, kwa hiyo nalijibu hapa hadharani mara moja.

Kizinda ni kijinyama laini kwenye mlango wa uke. Siyo kifuniko na siyo muhuri. Kinatofautiana kati ya msichana na msichana. Wapo wanaozaliwa nacho kidogo sana, na kinaweza kutanuka au kuchanika kidogo kwa michezo ya kawaida bila mwenyewe kujua. Hakuna daktari wala nesi wala bibi anayeweza kukitazama akasema huyu ameshakutana na mwanaume au bado. Oktoba 2018 Shirika la Afya Duniani pamoja na UN Women na Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa walitoa tamko kwamba upimaji wa bikira hauna msingi wa kitabibu na ukomeshwe. Kwa hiyo kumnyima mtoto baiskeli kwa sababu hiyo ni kumnyima kwa sababu isiyokuwepo.

Ya pili: "Ataharibu kizazi." Hapana. Mfuko wa uzazi uko ndani ya nyonga, umekingwa na mifupa, na tandiko la baiskeli haliufikii. Kama binti analalamika maumivu au ganzi sehemu za siri baada ya kuendesha, kagua tandiko. Mara nyingi liko juu mno au pua yake imeinuka. Akae kwenye tandiko, aweke kisigino kwenye pedeli ikiwa chini kabisa. Mguu ukinyooka bila nyonga kuinama upande, urefu ni sawa. Dakika mbili na spana, tatizo limeisha.

Ya tatu: "Akiwa kwenye siku zake asiendeshe." Kama anajisikia vizuri, aendeshe. Wengine maumivu ya tumbo hata hupungua wakichangamsha mwili. Kama anaumwa apumzike. Uamuzi ni wake.

Msidhani hofu hizi ni zetu Waafrika peke yetu. Ulaya na Marekani miaka ya 1890, wanawake walipoanza kupanda baiskeli kwa wingi, walikuwepo madaktari wasomi waliosema mwanamke akiendesha atapata "uso wa baiskeli", yaani sura itakakamaa na macho yatatoka kwa kujikaza! Muda ukapita, sura zikabaki vilevile, na madaktari wakanyamaza. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza kuja Afrika, na wanawake walipanda vilima vile vya Rwanda mbele ya umati. Hakuna aliyerudi kwao na sura iliyopinda.

Ya nne ndiyo nzito, na siidharau: "Wanaume. Mimba." Mama yeyote wa bonde hili anaielewa hofu hii. Lakini fikiria na mimi. Binti asiye na usafiri wake anarudi vipi kutoka shule ya mbali? Anapewa lifti. Anapewa na nani? Na lifti ya leo, na ya kesho, na chipsi za keshokutwa, zinadaiwa kwa sarafu gani? Binti mwenye baiskeli yake na wenzake watatu pembeni hadaiwi na mtu. Mimi ningemwogopa zaidi yule anayembeba peke yake kwa hisani kuliko njia ya msituni akiwa na kundi lake.

SEHEMU YA 4: Hofu za kweli, kutoka chumba cha vidonda

Sasa hapa mama usiruke mistari. Haya ndiyo yanayoletwa, na mengi hayatokei hata huko msituni. Yanatokea mtaani, tukiwa na baiskeli ya kazi ambayo hatuiogopi.

1. Mguu kwenye spoki. Hii inaongoza kwa kuniumiza roho. Mtoto mdogo amebebwa kwenye keria, miguu inaning'inia, amesinzia. Mguu unaingia kwenye gurudumu. Kwa nje unaona mchubuko kwenye kisigino au kifundo, mama anapaka mafuta, wanalala. Baada ya siku kadhaa ngozi inageuka nyeusi na kufa, maana ilikamuliwa na kusagwa kwa ndani. Mguu wowote ulioingia kwenye spoki uletwe siku hiyohiyo, hata kama kidonda ni kidogo. Na kinga ni rahisi sana: mwambie fundi aweke wavu au bati pembeni ya gurudumu la nyuma na vyuma viwili vya kukanyagia. Ukipakia mtoto, avae viatu.

2. Kichwa. Mapitio ya tafiti mbalimbali yanaonyesha kofia ngumu ya baiskeli inapunguza hatari ya kuumia kichwa na ubongo kwa asilimia 63 hadi 88. Kofia ya bodaboda ya baba siyo ya mtoto. Ni nzito, inazunguka, inamziba macho. Tafuta ya baiskeli. Kwenye mitumba zinaonekana, ila igeuze uangalie nyufa, na kama povu la ndani limepasuka iache. Ivaliwe chini mpaka vidole viwili juu ya nyusi, mkanda ubane kidevuni, libaki pengo la kidole kimoja tu.

Mtoto akianguka na kugonga kichwa, mlete haraka ukiona: ametapika zaidi ya mara moja, analala kwa namna isiyo ya kawaida au haamki vizuri, degedege, damu au maji yanatoka sikioni au puani, anaongea vitu visivyoeleweka, mboni moja ya jicho kubwa kuliko nyingine, au alipoteza fahamu hata kidogo. Usisubiri asubuhi.

3. Usukani tumboni. Hii watu wengi hawaijui. Mtoto anaanguka, ncha ya usukani inamchoma tumboni, anasimama, anafuta machozi, anaendelea na mchezo. Nje hakuna kitu au kuna alama ndogo ya duara. Ndani bandama au ini linaweza kuwa linavuja damu taratibu. Akilalamika tumbo saa chache baadaye, amepauka, anatapika, au bega la kushoto linamuuma bila sababu, huyo ni wa hospitali sasa hivi. Na hakikisha ncha za usukani zina mipira. Chuma kitupu ni kama kisu.

4. Breki. Baiskeli ngapi hapa mjini zinasimamishwa kwa ndala? Kwenye tambarare unaweza kudanganya. Kwenye mteremko wa msituni ndala haisimamishi kitu.

5. Baiskeli kubwa kuliko mtoto. Wale wanaopitisha mguu ndani ya fremu kwa sababu hawafiki juu ya bomba. Mtaani waache wajifunzie, lakini msituni hapana. Lazima aweze kukanyaga chini kwa miguu yote miwili akisimama.

6. Vidonda vya kawaida. Osha kwa maji mengi safi yanayotiririka na sabuni, toa mchanga wote, funika kwa kitambaa safi. Usiweke majivu, dawa ya meno, mafuta ya breki wala kinyesi cha ng'ombe. Kama ni kirefu au kimeingia udongo, njoo na kadi yake tuangalie chanjo ya pepopunda.

Umeona? Katika orodha yote hii hakuna kitu kinachouliza mwenye baiskeli ni wa kike au wa kiume. Goti ni goti.

SEHEMU YA 5: Masharti yangu kabla hawajatoka getini

Ukiniuliza "Nesi, binti yangu nimruhusu?" nakujibu ndiyo, ikiwa haya yametimia. Na kwa kijana wako wa kiume ni haya haya, usimwonee aibu.

Kwanza, wasipungue watatu, na wanne ni bora zaidi. Sababu yake: mmoja akiumia, mmoja anabaki naye, wengine wanafuata msaada. Wakiwa wawili, aliyeumia anaachwa peke yake porini. Na kasi ya kundi ni ya yule wa mwisho. Hakuna kuachana.

Pili, saa. Watoke saa 1 asubuhi, saa 5 wawe wamerudi. Jua la bonde letu mchana si la mchezo. Jioni ndiyo kabisa hapana, na sababu siyo wahuni peke yao. Mapito ya tembo kati ya Milima ya Udzungwa na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere yanapita huku kwetu upande wa Mang'ula, na tembo wanapenda kuvuka giza likiingia. Wakiona kinyesi kibichi au matawi yaliyovunjwa sasa hivi, wageuze. Hakuna kupiga picha.

Tatu, mipaka. Hifadhi ya Milima ya Udzungwa ni hifadhi ya taifa tangu 1992, na Magombera ilitangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia 2019. Humo hakuna kuingia kienyeji, kuna kibali na taratibu zake. Mashamba ya mitiki nayo yana wenyewe, kuomba ruhusa ni adabu. Na mtoto aambiwe kwa nini: yule mbega mwekundu wa Udzungwa hapatikani popote pengine duniani, na wao ndio majirani zake. Anayejua anachokipita hatakichoma moto.

Nne, maji. Kila mmoja na chupa yake ya maji ya kuchemsha nyumbani. Mto Kilombero ni wa mamba na viboko. Kuoga hakuna, kunawa uso pembeni hakuna. Na masika, Lumemo ikijaa, safari imeahirishwa. Mpaka ardhi ikauke.

Tano, nyoka. Viatu vya kufunika, wasiingize mkono kwenye nyasi wala mashimo ya miti. Mtu akiumwa: atulie, asikimbie, kiungo kisitingishwe, vua pete na bangili, apelekwe hospitali. Msichanje, msinyonye, msifunge kamba ya kukaza.

Sita, mtu mzima ajue. Wanapita wapi, wanarudi saa ngapi, simu ipo kwa nani. Wakichelewa nusu saa, anayetafuta awe ameshajulikana tangu asubuhi.

Saba, ukaguzi wa dakika tano: breki mbili zinashika, cheni imekaa, matairi yana upepo, usukani hauchezi. Wabebe pampu, solusheni na viraka. Na hapa ninalo ombi: mfundishe binti yako kuziba pancha mwenyewe. Mpeleke kwa fundi, akae naye asubuhi moja. Msichana anayeweza kuziba pancha porini haombi msaada kwa asiyemjua.

SEHEMU YA 6: Na wewe mama, je?

Nilijua mtafika hapa mkidhani nimemaliza. Bado.

Mtu mzima anahitaji dakika 150 kwa wiki za kuchangamsha mwili, kwa presha yake, kwa sukari yake, kwa usingizi wake. Wewe mama mwenye mtoto wa miaka miwili unaendesha kwenda soko, shamba, kliniki, msibani. Lini mara ya mwisho uliendesha kwenda mahali ambapo hukuwa na kitu cha kubeba? Na shoga zako, mkiongea, mkicheka, halafu mkarudi? Tunaona akina mama wengi waliochoka mpaka wananyamaza, hasa miezi ya kwanza baada ya kujifungua. Baiskeli haiponyi sonona, na kama una huzuni isiyoisha njoo tuongee. Lakini saa moja nje na watu unaowapenda ni kitu ambacho hatuna kwenye makopo ya duka la dawa.

Maangalizo yenu ni haya. Mliojifungua kawaida, subirini wiki sita na mpimwe kwanza. Mliofanyiwa upasuaji mtahitaji muda zaidi, msikimbilie njia zenye mizizi. Mjamzito, njia za msituni acha. Tumbo linahamisha uzito na ukianguka hujaanguka peke yako. Na kichanga mgongoni juu ya baiskeli, hapana. Chini ya mwaka mmoja shingo yake haijakomaa kuhimili mitikisiko hiyo. Abaki na bibi.

Na akina baba: mkimshikia mtoto Jumamosi asubuhi saa tatu tu, hamjapungukiwa kitu.

Mwisho, neno kwa wakubwa wetu wa vijiji, wenye mashamba ya miti, na Halmashauri yetu ya Mji. Nairobi kuna msitu unaitwa Karura. Zamani watu waliuogopa, vibaka walijificha humo, na 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa wakiutetea usigawanywe kwa wajenzi. Leo una uzio, una walinzi, na familia zinakodi baiskeli mlangoni, baba, mama na watoto wa kike mbele wakipiga kengele. Msitu ule ulikuwa salama watu walipoutunza na kuutumia. Sisi huku tuna misitu mizuri kuliko watu wa mjini wanavyoweza kuota. Hatuombi uzio wa umeme. Njia moja iliyofyekwa, vibao vichache, mlinzi wa msitu anayejua kwamba Jumamosi watoto watapita. Hiyo haishindikani.

Lakini hatutasubiri kibao ndipo tuanze. Jumamosi ijayo binti yako akisimama mlangoni ameshika usukani na kusema, "Mama, naenda na akina fulani," usianze na "hapana". Anza na: mko wangapi, mnapita wapi, breki zinashika, mnarudi saa ngapi? Akijibu yote manne, mpe chupa ya maji, mfunge mkanda wa kofia, mwache aende.

Na kama keria yako haina vyuma vya kukanyagia, pitia kwa fundi kesho. Hilo tukubaliane hata kama mengine yote umeyakataa.